Borrow au lend? Jibu kwa katibu wa Saccos anayeandika ripoti kwa Kiingereza

“Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa Saccos ya wakulima. Tuna mfadhili kutoka nje, na ripoti ya kila robo mwaka naiandika mimi kwa Kiingereza. Katika ripoti iliyopita niliandika ‘We borrowed our members 40 million shillings’, nikimaanisha tumewakopesha wanachama milioni 40. Mkaguzi wao akaniandikia akiuliza kwa nini chama kinadaiwa na wanachama wake, na kwa nini deni hilo halionekani kwenye mizania. Niliona aibu kubwa. Tangu hapo nimepakua orodha ya maneno ya Kiingereza yanayochanganya watu (affect na effect, principal na principle, economic na economical) nakariri kila usiku. Lakini nikikaa kuandika ndiyo kwanza nachanganyikiwa, hata maneno niliyokuwa nayajua sasa nayatilia shaka. Kidato cha nne nilipata C ya Kiingereza. Je, kichwa changu kizito? Niendelee kukariri, nitumie programu ya kutafsiri, au nimwachie mtu mwingine kazi hii?”

Marahaba. Kichwa chako hakina tatizo, na C ya kidato cha nne si haba. Kosa lako lina chanzo kinachojulikana, na chanzo chenyewe kimo ndani ya Kiswahili, lugha ambayo unaimudu vizuri. Orodha uliyopakua haikusaidii kwa sababu ilitungwa kwa ajili ya watu wenye tatizo tofauti na lako. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza tumalize la mkaguzi. Sentensi sahihi ni “We lent our members 40 million shillings”, au “We lent 40 million shillings to our members”. Mwandikie mistari miwili tu: “In our last report, ‘borrowed’ should read ‘lent’. The amount is shown in the balance sheet under loans to members.” Hakikisha kweli imo humo kabla hujatuma. Usijaze aya nzima ya kuomba radhi. Wakaguzi hupokea masahihisho kila siku, na maswali yake hayakuwa ya kukudhalilisha. Mikopo mliyowapa wanachama ni mali ya chama, na fedha mliyokopa ni deni la chama. Neno lako moja lilihamisha milioni 40 kutoka upande mmoja wa mizania kwenda upande wa pili, kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kuuliza.

Sasa chanzo. Lichukue neno kuazima. Mtu akisema “nimeazima jembe kwa jirani”, jembe linakuja kwake. Akisema “niazime jembe lako”, anayeambiwa aazime ni mwenye jembe, na jembe linatoka kwake. Kitenzi ni kile kile, mwelekeo umegeuka, na hakuna Mswahili anayepotea njia, kwa sababu ile ni- iliyokaa mbele inatosha kuonyesha nani anapokea. Wapo wanaosema niazimishe, lakini mitaani niazime inaeleweka bila shida. Mtu aliyekua na neno hilo akifika kwenye Kiingereza anasema “Borrow me your pen”, na utasikia hivyo kuanzia Mbeya hadi Mombasa. Sarufi aliyotumia ni nzuri, ila ni sarufi ya kwetu. Borrow hutazama upande mmoja tu, wa anayepokea, na aliyetoa hutajwa kwa “from”. Lend hutazama upande wa anayetoa, na anayepokea hutajwa kwa “to” au huwekwa tu mara baada ya kitenzi, kama nilivyofanya hapo juu.

Kwenye kukopa Kiswahili kimejipanga zaidi. Anayepokea anakopa, anayetoa anakopesha, na tofauti yote imebebwa na kile kipande kidogo mkiani mwa kitenzi. Ndivyo tunavyofanya kwa mamia ya vitenzi: kumbuka na kumbusha, lala na laza, ona na onyesha, panda na pandisha. Sikio la Mswahili limezoea kwamba vitenzi viwili vya jambo moja vitafanana, na kwamba mkia utasema nani anamfanyia nani. Kiingereza hakina mkia huo. Hakiwezi kuchukua borrow kikaiongezea kitu ikawa kopesha, kwa hiyo huweka lend, neno jingine kabisa lisilofanana nalo hata kwa herufi moja. Kumbuka ni remember, kumbusha ni remind. Jifunza ni learn, fundisha ni teach. Lala ni lie, laza ni lay, na hapo hata Waingereza wenyewe huteleza. Wewe unapoandika kwa haraka unashika neno moja la Kiingereza unalolijua vizuri, kisha moyoni unatarajia litageuka kama vitenzi vyetu vinavyogeuka. Haligeuki.

Ukishalijua hilo, una chombo ambacho orodha haikukupa. Kabla hujaandika kitenzi cha Kiingereza, itamke sentensi yako kwa Kiswahili. Kama kitenzi chako kina mkia wa kumfanya mwingine atende (kopesha, kumbusha, pandisha), simama na ujiulize kama neno la Kiingereza lililokujia ni la kitenzi chenye mkia au kile kisicho nao. Si kila kitenzi kinachoishia na -za kina mkia huo, kwa mfano weza na cheza, lakini hivyo utavitambua mwenyewe. Katika ripoti zako mtego wa karibu zaidi ni kupanda. Riba imepanda: “The interest rate has risen.” Tumepandisha riba: “We have raised the interest rate.” Ukiandika “The interest rate has raised”, msomaji anabaki anasubiri umwambie imepandisha nini.

Usidhani Kiingereza ndicho chenye mpangilio bora, maana kwenye nyumba mambo yanageuka. Rent hutazama pande zote mbili kama azima yetu: mpangaji “rents” nyumba kutoka kwa mwenyewe, na mwenye nyumba naye “rents” nyumba ile ile kwa mpangaji. Sisi ndio tunaotenganisha kupanga na kupangisha.

Hilo ni kundi la kwanza, la mwelekeo. Kundi la pili ni kubwa zaidi, nalo ni la maneno ya Kiswahili yanayofunika maneno mawili au matatu ya Kiingereza. Katika kazi yako yamejaa tele, na hakuna orodha ya kupakua itakayokuonya, kwa sababu kwa Mwingereza maneno hayo hayafanani hata kidogo.

Baya kuliko yote ni kudai. “Tunamdai mwanachama huyu milioni mbili” ni sentensi ya kila siku ofisini kwenu, lakini Kiingereza hakina kitenzi cha kawaida kinachomwanza mwenye fedha. Inabidi uigeuze sentensi imwanze mwenye deni: “This member owes us two million shillings.” Ukifungua kamusi utaona kudai ni demand au claim, na yote mawili yatakuponza hapa. Demand ni kudai kwa kushurutisha. “We demand two million from this member” inasomeka kama mmeshafika naye hatua ya barua ya mwanasheria. Claim ni kudai kwamba jambo ni kweli au kudai haki, kama fidia ya bima. Kisha claim ina kasumba moja: ukiandika kwamba mwanachama “claimed that he had paid”, umeshamdokeza msomaji kwamba wewe humwamini. Kama huna sababu ya kumshuku, andika “said”.

Wa pili ni mdhamini. Anayeweka saini kwamba mkopaji akishindwa yeye atalipa ni “guarantor”. Kampuni inayolipia jezi za timu ili jina lake lionekane ni “sponsor”. Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini ya taasisi ni “trustees”. Kwetu wote hao ni wadhamini, na katika mazungumzo hatugongani. Ukiandika “Each loan has two sponsors”, mfadhili wako atajiuliza hao wafadhili wengine wametoka wapi. Dhamana nayo hivyo hivyo: shamba au pikipiki iliyowekwa rehani ni “collateral” au “security”, na ile inayomtoa mtuhumiwa mahabusu ni “bail”. Niliwahi kusoma barua iliyosema mkopo umetolewa “on bail”. Nilicheka, lakini mwandishi wake alikuwa amefungua kamusi kwa uaminifu na kuchukua neno la kwanza alilolikuta.

Faida ni “profit” inapokuwa fedha iliyobaki baada ya gharama, na ni “benefit” inapokuwa manufaa. Mafunzo ya kilimo yaliwapa wanachama “benefits”. Ukisema yaliwapa “profits”, utaulizwa ni shilingi ngapi. Hasara ikiwa ya fedha ni “loss”, ikiwa ni mahindi yaliyolazwa na mvua ni “damage”. Kodi ya pango ni “rent”, kodi ya serikali ni “tax”, na ukizibadilisha unakuwa umemgeuza mwenye nyumba yenu kuwa mamlaka ya mapato.

Nje ya ofisi wamo shinda, iba na sikia, na hao nitawapitia mbio. Timu “wins” mechi au kombe, lakini “beats” mpinzani. Kwa hiyo “Simba won Yanga” haisemeki, ila “Simba beat Yanga” na “Simba won the match” ni sawa (mashabiki wa Yanga wageuze wenyewe). Mwizi “steals” kitu, lakini “robs” mtu, tena mara nyingi kwa nguvu au vitisho, karibu na kunyang’anya kwetu. Ukisema “I was stolen” ukimaanisha nimeibiwa, umesema wewe mwenyewe ndiwe uliyebebwa. Na kusikia kwetu ni kwa sikio, pua na mwili mzima, wakati “hear” ni ya sikio peke yake. Harufu ni “smell”, njaa na baridi ni “feel”.

Kabla sijaliacha kundi hili kuna kitu kidogo ambacho kinaleta madhara kuliko vitenzi vyote hivyo, nacho ni hadi. “Ofisi itafungwa hadi tarehe 5” na “fomu zipokelewe hadi tarehe 5” kwetu zinatumia neno moja. Kiingereza kinauliza kwanza: je, ni hali inayoendelea mpaka siku hiyo ifike, au ni tendo la mara moja ambalo siku hiyo isipite kabla halijafanyika? Hali inayoendelea ni “until”: “The office will be closed until 5 January.” Tendo lenye mwisho wake ni “by”: “Please pay by 30 June.” Ukiandika “Please pay until 30 June”, Mwingereza anaelewa kwamba unamtaka aendelee kulipa na kulipa mpaka tarehe hiyo. Ukiandika “The office will be closed by 5 January”, anaelewa kwamba siku hiyo atakukuta umeshafunga, na hatajua utafungua lini. Kama utakariri kitu kimoja tu kutoka katika jibu hili, kiwe hiki, kwa sababu tarehe za mwisho hazisubiri mtu aeleweshwe.

Kingine cha aina hiyo ni “few” na “a few”. “Few members defaulted” inasifu: walioshindwa kulipa ni wachache mno, chama kinaendeshwa vizuri. “A few members defaulted” inakiri: wapo wanachama kadhaa walioshindwa. Idadi inaweza kuwa ile ile, lakini msomaji anapokea habari mbili tofauti, na tofauti yote imo katika ile a peke yake. Sisi huipata kwa kupanga sentensi: “wanachama wachache tu ndio walioshindwa” dhidi ya “wapo wanachama wachache walioshindwa”. Kwenye taarifa ya mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa inavyotakiwa, ningekushauri uachane na yote mawili uandike namba.

Sasa turudi kwenye orodha yako. Orodha za namna ile hutungwa kwanza kwa ajili ya watu waliozaliwa na Kiingereza. Mtu huyo anajua maana ya kila neno tangu utotoni, lakini analijua kwa sikio. Akiandika, sikio linamdanganya, kwa kuwa principal na principle hutamkwa sawa, na stationary na stationery hivyo hivyo. Tatizo lake ni tahajia. Wewe ulikutana na maneno hayo yakiwa yameandikwa ubaoni, tena mengi baada ya kusoma shule ya msingi nzima kwa Kiswahili, kwa hiyo tahajia yako mara nyingi ni nzuri kuliko yake. Ulichokosa ni mipaka ya maana.

Hata hivyo machache katika orodha hiyo yanakuhusu, kwa sababu ya kazi yako. Kwenye mkopo, “principal” ni kile kiasi chenyewe mlichotoa kabla ya riba. “Principle” ni kanuni au msimamo, na haina uhusiano wowote na fedha. “Affect” mara nyingi ni kitenzi, kuathiri, na “effect” mara nyingi ni nomino, athari. Orodha nyingi huishia hapo, kumbe mabenki na wahasibu hutumia “effect” kama kitenzi pia, kwa maana ya kutekeleza: “to effect payment” ni kufanya malipo. Tazama hatari yake. Ulitaka kusema ucheleweshaji utaathiri malipo, ukaandika “The delay will effect payment”, na sasa umesema ucheleweshaji ndio utakaoleta malipo. Kwa “advice” na “advise”, ya kwanza ni nomino na hutamkwa kwa s, ya pili ni kitenzi na hutamkwa kwa z. Ukiishika jozi hiyo umeshika na “practice” na “practise” kwa tahajia ya Kiingereza cha Uingereza, ambayo ndiyo tuliyofundishwa. Wamarekani huandika “practice” kote kote, basi usishangae ukiona mfadhili anafanya hivyo.

“Economic” ni ya kiuchumi, inayohusu uchumi: “economic report”, “economic growth”. “Economical” ni isiyokula fedha au mafuta mengi, kama pikipiki inayokwenda mbali kwa lita moja. Ukiita ripoti yako “economical report” unaweza kumfanya msomaji Mwingereza atabasamu. Mwaka 1986 ofisa mkuu wa serikali ya Uingereza, Robert Armstrong, akitoa ushahidi mahakamani huko Australia, alisema barua fulani haikuwa na uongo bali ilikuwa “economical with the truth”, yaani ilibana matumizi ya ukweli. Maneno hayo yalikuwepo kabla yake, lakini baada ya siku ile yalienea kote, na hadi leo ni njia ya adabu ya kusema mtu ameficha jambo.

Mengine yanatokana na masikio yetu. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina sauti za irabu nyingi zaidi ya hizo, kwa hiyo “live” na “leave” kwetu huangukia mahali pamoja, na “hat”, “hut” na “heart” vile vile. Mtu anayeandika kwa kujisomea kichwani huandika alichosikia: “Twelve members lived the Saccos.” Na kwa wale ambao lugha ya nyumbani haitenganishi r na l, iko “collect” na “correct”. Ofisa mikopo aliyekusanya marejesho “collected” marejesho. Akiwa “corrected” marejesho, ameyarekebisha, na mkaguzi yule yule ataanza barua nyingine.

Labda unajiuliza kwa nini lugha moja iwe na maneno mengi hivi yanayokaribiana. Kiingereza kimeazima sana bila kurudisha. Juu ya maneno yake ya asili yaliongezeka ya Waviking, wavamizi kutoka kaskazini mwa Ulaya, kisha Wanormandi kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala na mahakama kwa karne kadhaa, na Kilatini kikaendelea kumwaga maneno yake kupitia kanisa na elimu. Maneno mapya hayakuyafukuza ya zamani, yaligawana nayo kazi. Ng’ombe akiwa zizini alibaki “cow” ya Kiingereza cha kale, nyama yake ikifika mezani ikawa “beef” ya Kifaransa. Sisi tunalijua jambo hili: ngoja ni ya Kibantu, subiri ilikuja na Kiarabu, na ingawa mara nyingi zinabadilishana nafasi, mgonjwa hukuambia anasubiri kwa Mungu wakati abiria anangoja daladala. Hakuna aliyekufundisha tofauti hiyo kwa orodha. Uliipata kwa kusikia kila neno likiwa na wenzake.

Nije kwenye swali la kukariri. Kukariri maneno yanayofanana kwa jozi, usiku mmoja, ni njia mbaya, na ulichokieleza, kwamba hata uliyoyajua sasa unayatilia shaka, ndicho kinachotarajiwa. Mwaka 1993 mtafiti Thomas Tinkham alionyesha kwamba watu waliopewa maneno mapya ya kundi moja la maana, yaliyohusiana kama majina ya mavazi, walijifunza kwa shida kuliko waliopewa maneno yasiyohusiana. Maneno yakiingia pamoja huku yakifanana, kila moja hulivuta jingine, na kumbukumbu hushindwa kujua lipi lilikuwa la nani. Kwa hiyo tenganisha. Chukua “lend” peke yake. Itumie wiki mbili au tatu katika sentensi za ofisini kwako tu: tumemkopesha fulani, tutawakopesha wakulima wa mpunga, hatukopeshi asiye na hisa. Ikishakaa, ndipo umkaribishe “borrow”.

Programu za kutafsiri nakushauri uzitumie, lakini ujue zinakosea wapi. Ukiandika “tumewakopesha wanachama” zitakupa “lent” bila wasiwasi, na hapo tatizo lako la awali limekwisha. Ila hazijui mdhamini wako ni yupi kati ya wale watatu, na zikikisia hazikuambii kwamba zimekisia. Vikagua tahajia ndivyo dhaifu zaidi kwa kazi hii: programu rahisi hunyamaza mbele ya “principle amount” kwa sababu neno lipo katika lugha. Zile mpya husoma sentensi nzima na hukamata mengi, lakini nimeziona pia zikisahihisha kilichokuwa sahihi. Usibonyeze kukubali kabla hujasoma ulichobadilishiwa. Kisha faragha: majina ya wanachama na madeni yao usiyaweke kwenye programu ya bure ya mtandaoni. Yafute kwanza.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ibaki mezani, lakini isiwe ya mwisho. Hiyo hukupa neno. Unachohitaji ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa lugha, zile zenye sentensi za mfano chini ya kila neno. Nyingi zinapatikana bure mtandaoni. Soma mifano kwanza, maana baadaye. Chini ya “lend” utaona “lend something to somebody”, na mfano huo mmoja unafundisha zaidi ya maelezo ya aya nzima.

Na weka daftari lako mwenyewe. Kushoto andika sentensi ya Kiswahili kama mnavyoisema ofisini, si neno moja moja: “tunamdai”, “amewekewa dhamana na watu wawili”, “alipe hadi mwisho wa mwezi”. Kulia andika sentensi ya Kiingereza iliyosahihishwa na mtu unayemwamini. Ripoti za robo mwaka hurudia mambo yale yale, kwa hiyo sentensi utakazohitaji si nyingi.

Kumwachia mtu mwingine kazi? Hapana, kwa ripoti za kawaida. Wewe ndiye unayejua kilichotokea chamani, na mtu wa nje mwenye Kiingereza kitamu ataandika kwa ufasaha jambo ambalo halikutokea. Lakini si lazima uanze kwa Kiingereza. Andika kwa Kiswahili kwanza, kamili, kisha ugeuze. Unaweza pia kumuuliza mfadhili kama atapokea ripoti ya Kiswahili akaitafsiri kwa gharama yake. Wapo wanaokubali, na si ombi la aibu.

Kuna mambo matatu ambayo mimi, kwa maandishi, siwezi kukusaidia. La kwanza ni mkataba. Mfadhili au benki ikileta mkataba wa Kiingereza wa kusainiwa, usiamini kamusi wala mwalimu wa lugha. Maneno ya kisheria yana maana zake. Mfano ni “jointly and severally”: wadhamini wakisaini chini ya maneno hayo, mdai anaweza kumfuata mmoja wao peke yake kwa deni lote, ingawa Kiingereza cha kawaida kitakuambia “several” ni kadhaa tu. Mpelekee mwanasheria asome mbele yako na akueleze kwa Kiswahili. Hati ikihitaji tafsiri rasmi, Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hutoa huduma za tafsiri na kuzithibitisha.

La pili, jichunguze kidogo. Je, unachanganya maneno ya Kiswahili pia unaposoma? Herufi hubadilishana nafasi, mstari hukupotea, umekuwa hivyo tangu shule? Kama ndivyo, pengine si suala la Kiingereza. Pima macho kwanza, ni rahisi, na kama macho ni mazima tafuta mtaalamu wa matatizo ya usomaji. Barua yako kwangu haikuonyesha dalili hizo, kwa hiyo nasema kwa tahadhari tu.

La tatu ni msomaji wa karibu. Ripoti mbili zijazo zipitishe kwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari iliyo jirani nanyi, ukae naye, umweleze kwa Kiswahili kila sentensi ulikusudia kusema nini, maana bila hivyo atasahihisha sarufi na kuacha “borrowed” ilivyo, kwa kuwa sarufi yake ikirekebishwa itasomeka vizuri tu. Na saa zake mlipe, ziingie kwenye bajeti ya ripoti pamoja na wino na karatasi.